Mgeni Alikataa Kufunga Oda ya Kangemi

Kompyuta ilinitaja kwa jina mbele ya wenye kampuni, ikanibebesha maneno ambayo sijawahi kuyaandika maishani.

Ilikuwa Ijumaa, saa tano asubuhi, ghorofa ya nne ya jengo moja kuukuu karibu na Tom Mboya Street. Watu kumi na mmoja walikuwa wameikodolea macho skrini ya ukutani.

Maneno yakajitokeza, mstari kwa mstari:

"Siwezi kufunga oda hii. Maelezo yaliyoandikwa na Ivyne Nanyama yananikataza. Yanasema pia kwamba lazima kwanza Mzee Ephantus aulizwe habari za ng'ombe wake."

Mtu mmoja akaangua kicheko. Meneja hakucheka.

Ivyne Nanyama ni mimi. Na hao ng'ombe, naapa, hawakutoka kwangu.

Niwarudishe nyuma kidogo.

Nilimaliza chuo mwaka jana, nikiwa na shahada ya teknolojia ya habari na imani kubwa kwa binadamu. Naishi Kangemi, chumba kimoja, nyuma ya soko. Nilipopata kazi, mama yangu kule Bungoma aliimba kwenye simu wimbo mzima wa kanisani, na majirani zake wakamwitikia.

Kampuni yetu inasambaza maji kwa malori. Mifereji ikikauka Loresho, Mountain View au Kangemi, wateja wanatuma ujumbe, lori linatoka.

Bwana Norman, meneja, alikuwa ameleta ajenti wa akili unde. Ni programu inayosoma ujumbe wa wateja, inatuma lori na kufunga oda bila mtu kushika kitu.

Wafanyakazi waliibatiza Mgeni. Si kwa mapenzi.

Sasa elewa jambo moja. Mgeni haoni barabara. Haoni lori, haoni tenki. Anaona orodha ya zana tu: tafuta oda, tuma lori, funga oda. Chini ya kila zana kuna maelezo, na maelezo hayo ndiyo macho yake.

Ukimwandikia ukweli, anafanya kazi safi. Ukimwandikia upuzi, anaufanya huo upuzi kwa adabu kabisa.

Kazi yangu ilikuwa kuandika maelezo hayo. Aliyenitangulia alikuwa ameandika hivi: "Funga oda: hufunga oda."

Basi. Hayo ndiyo macho aliyopewa Mgeni.

Niliipenda ile kazi. Niliamini, na msinicheke, kwamba mtu akieleza jambo wazi, hakuna anayeumia.

Siku ya kwanza niliingia chumba cha oda nikitabasamu.

"Habari za asubuhi? Naitwa Ivyne."

Walikuwa wawili. Madam Waithera, miaka kumi na tisa kwenye kiti cha dirishani, simu mbili mezani na kitambaa cha kichwa kilichofungwa kama cha vita. Na Jamleck, aliyekaa mkabala naye, mdomo mkali kuliko wembe.

Jamleck alimgeukia Madam Waithera kana kwamba mimi ni kabati.

"Mathe, huyu ndio ule dem wa kuandikia roboti barua za mapenzi?"

"Ndiye," Madam Waithera akajibu bila kuinua macho. "Angalia viatu. Hizo ni viatu za mtu amekuja kukaa."

Nikavuta daftari.

"Madam, naomba kuuliza. Hii button ya 'funga oda' inafanya nini?"

"Inafunga oda."

"Na huwa mnaifunga wakati gani?"

"Wakati ya kuifunga."

Jamleck alipiga meza kwa furaha. "Andika hiyo, graduate! Pigia mstari mara mbili!"

Wiki hiyo kikombe changu nilikiokota kwenye pipa la taka. Kiti changu nilikikuta chooni, kimeegeshwa vizuri kando ya sinki.

Nilijiambia wamechoka tu. Nikaanza kuwaletea mandazi kila asubuhi. Jamleck alikuwa anayachukua, anasema asante, halafu anashuka nayo ngazi zote nne kumpa askari wa mlangoni. Anarudi akipangusa mikono.

Basi nikaandika peke yangu. Nilisoma programu, nikasoma mwongozo wa kampuni, nikatunga maelezo mafupi yanayong'aa:

"Funga oda: tumia zana hii dereva anapobonyeza 'Nimefika' kwenye simu yake. Mjulishe mteja kwamba maji yamefika. Usisubiri jambo lingine lolote."

Sentensi hiyo ya mwisho niliionea fahari sana.

Bwana Norman aliisoma kwa sauti. "Safi. Hakuna hadithi. Hivi ndivyo nataka."

Mgeni akaanza majaribio ya wiki mbili, kazi yote mikononi mwake. Madam Waithera na Jamleck waliambiwa wasiguse simu, watazame tu.

Loresho, mteremko. Lori linaingia getini, tenki linajaa, oda inafungwa. Mountain View, vivyo hivyo. Bwana Norman alikuwa anatembea kwenye korido akipiga mluzi.

Jumamosi ya kwanza nilikuwa naenda sokoni Kangemi nikapita karibu na kliniki ndogo ya uzazi iliyo ndani ndani kwenye vichochoro. Nje kulikuwa na wanawake wamepanga madumu. Mmoja alikuwa na tumbo la miezi tisa na dumu la lita ishirini.

Mlangoni alisimama Sista Hannah, muuguzi mkuu, mikono mikavu imeinuliwa kama mtu aliyeshikwa na polisi.

"Wewe si ndio unafanya na hawa watu wa maji?" akaniuliza. Aliiona beji yangu, ambayo nilikuwa naivaa hata Jumamosi.

"Ndiyo, Sista."

"Soma hii."

Alinipa simu yake. Alikuwa ameandika "maji bado" mara tatu. Na mara tatu Mgeni alikuwa amemjibu: "Maji yako yamefika saa nne na dakika kumi. Asante kwa kutuchagua."

"Nimezalisha watoto wawili tangu jana," Sista Hannah akasema. "Nimenawa na maji ya kubebwa na mgonjwa. Hebu niambie, hayo maji yamefika wapi? Mbinguni?"

Nilimsaidia yule mama dumu lake. Halafu nikaenda barabarani kutafuta dereva.

Obuya, dereva wetu, alikuwa kando ya Waiyaki Way, ameegesha lori, anakula karanga.

"Dadangu, lori haliwezi kuingia kwa hicho kichochoro," akanieleza. "Mimi nasimama hapa. Bomba linavutwa kupitia ploti ya Mzee Ephantus, linatokea kliniki. Jana nilifika, nikabonyeza 'Nimefika' kwa sababu ofisi inanipimia dakika za barabarani. Lakini geti ya mzee ilikuwa imefungwa. Nikangoja nusu saa. Nikaambiwa niende Loresho."

"Kwa nini hakufungua?"

"Hakupigiwa simu."

"Na nani?"

Obuya akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu anayeuliza jua linatoka wapi. "Na Madam Waithera. Kwani nani mwingine?"

Jumatatu niliingia chumba cha oda bila mandazi.

"Madam, kwa nini hukuniambia kuhusu Mzee Ephantus? Nilikuuliza!"

Kwa mara ya kwanza aliniangalia machoni.

"Uliniuliza button inafanya nini," akasema polepole. "Hukuniuliza mimi nafanya nini."

"Basi nakuuliza leo. Nakuomba."

"Leo hapana. Nikikwambia leo, kesho hiyo kitu yako inajua, na keshokutwa mimi niko nyumbani nachambua maharagwe. Toka hapa, msichana."

Nilienda moja kwa moja kwa Bwana Norman. Nikamweleza kuhusu kliniki, geti, mikono ya Sista Hannah. Nilieleza vizuri, nilidhani.

"Kangemi ni oda chache sana," akasema. "Tuma lori lingine, yaishe. Wenye kampuni wanakuja Ijumaa kumwona Mgeni akifanya kazi. Usibadilishe neno hata moja."

"Lakini, Bwana Norman, maelezo yangu ni ya uongo."

"Maelezo yako ni mafupi. Ndiyo maana nayapenda."

Kisha akafungua faili kunionyesha, kwa fahari, kama mtu anayeonyesha picha za harusi. Barua mbili za kuachishwa kazi, zimeshapigwa chapa. Moja ya Waithera. Moja ya Jamleck. "Ijumaa ikipita salama, hizi zinatoka saa nane mchana. Na wewe unathibitishwa kazini. Umesaidia kampuni sana."

Nilitoka pale. Mimi niliyeamini kwamba maelezo safi hayamuumizi mtu, nilikuwa nimeandika barua mbili za kufukuza watu, bila kujua.

Sikuweza kunyamaza. Nikarudi chumba cha oda, nikafunga mlango, nikawaambia yote.

Madam Waithera alichukua kitambaa akaanza kupangusa simu zake, moja, kisha nyingine, kama anayeosha watoto.

Jamleck ndiye aliyesimama.

"Na unalia? Ati unalia? Umeshika kalamu umetuandikia kaburi, halafu unakuja kutuletea machozi yako tushike?"

"Nataka kusaidia, Jamleck. Nipeni tu ukweli niuandike kabla ya Ijumaa. Mgeni akijua kwamba anamhitaji Madam..."

"Wewe ni mjinga ama unaigiza?"

"Sijui," nikasema. Na kweli sikujua.

Siku ya Alhamisi niliufungua ukurasa wa "funga oda". Nikafuta maelezo yangu yote, hata sentensi yangu ya fahari, ile ya kutosubiri jambo lingine lolote. Nikaweka mshale mahali pake nikakaa nikiutazama ukimetameta. Sikuwa na cha kuandika. Sikujua namba ya mzee, sikujua anaombwaje, sikujua ni mahali pangapi pengine kuna geti la namna hiyo.

Saa saba nikaenda kula. Kompyuta niliiacha wazi. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Niliporudi, Bwana Norman aliniita kupanga viti vya wageni. Sikuugusa tena ule ukurasa. Nililala nikijua kesho yake watu wawili wanapoteza kazi na mimi napata yangu.

Ndipo Ijumaa ikafika.

Mkuu wa wenye kampuni alikuwa Madam Debra, mwanamke mfupi wa miwani minene, asiyependa chai wala maneno mengi. Bwana Norman alitaka kumwonyesha oda ya Loresho.

"Hapana," Madam Debra akasema, akinyoosha kidole. "Hiyo ya kliniki. Naona imerudiwa mara nne. Kwa nini mteja anarudia?"

Skrini ikaonyesha lori la Obuya likisimama Waiyaki Way. Alama ikawaka: Nimefika.

"Tazameni sasa," Bwana Norman akasema. "Atafunga mwenyewe. Bila mtu."

Mgeni hakufunga.

Ndipo yakatokea yale maneno ya mwanzo, ya jina langu na ng'ombe. Madam Debra akavua miwani.

"Nani anajua kuifanya ionyeshe hayo maelezo yenyewe?"

Fundi wa mitambo akabonyeza. Na ukuta mzima ukajaa:

"Dereva akisema amefika Kangemi usimwamini. Amefika barabarani. Tenki iko ndani na lori haiingii. Bomba inapita kwa ploti ya Mzee Ephantus na geti imefungwa. Mzee hafungulii karani. Msalimie kwa Kikuyu. Uliza ng'ombe wake wawili, ule mweusi kwanza. Ngoja amalize, ni mrefu. Halafu sasa omba geti. Maji ikianza usishangilie. Mpigie Sista Hannah. Usimuulize kama maji imekuja. Muulize kama tenki imejaa. Wewe huna mdomo wa kufanya hii yote, kwa hivyo itisha Waithera, kiti cha dirishani, na usifunge chochote mpaka yeye aseme funga."

Chini kabisa Mgeni aliongeza, kwa adabu yake:

"Sina zana ya kupiga simu. Namsubiri Waithera, kiti cha dirishani."

Bwana Norman alinigeukia, mishipa ya shingo imesimama.

"Nani ameandika huu upuzi?"

Nilichungulia chumba cha oda kupitia mlango uliokuwa wazi. Madam Waithera alikuwa anatazama nje dirishani. Nikaelewa, ama nilidhani nimeelewa. Aliniamini mwishowe. Aliandika wakati nimeenda kula. Nikimtaja, barua yake inatoka sasa hivi, si saa nane.

"Mimi," nikasema.

"Umefutwa."

"Ngoja," akasema Madam Debra. "Huyu Waithera ni nani?"

"Ni opereta mmoja tu, Madam. Tunamalizana naye leo."

"Mwite."

Madam Waithera aliingia na simu yake. Hakumsalimia mtu. Alisoma ukuta wote, akakunja uso, akapiga.

Sauti ya mzee ikajaa chumba. Walisalimiana. Waliulizana. Sikuelewa Kikikuyu, lakini nilielewa kwamba yule ng'ombe mweusi alikuwa amekataa majani tangu Jumatano, na kwamba hilo si jambo la kuharakishwa. Wenye kampuni walisubiri dakika sita nzima wakisikiliza.

Kisha sauti ya komeo. Geti.

Dakika arobaini baadaye Madam Waithera alimpigia Sista Hannah. "Tenki imejaa?"

"Imejaa mpaka inamwagika, mama! Mlikuwa wapi nyinyi?"

Madam Waithera akaitazama skrini kama anavyotazamwa mtoto wa jirani.

"Funga," akasema.

Mgeni akafunga.

Madam Debra akavaa miwani yake. "Norman. Maelezo yote yaandikwe hivi. Huyu msichana anabaki. Huyu mama asiondoke kwenye hicho kiti."

Barua zote mbili zilirudi kwenye droo. Bwana Norman hajanisemesha vizuri tangu siku hiyo.

Nilimkimbilia Madam Waithera kwenye korido, macho yamejaa machozi, kama kawaida yangu.

"Asante, Madam. Asante kwa kuandika."

"Kuandika nini?"

"Yale maelezo. Jana, nikiwa nimeenda kula."

Alinitazama kwa dharau safi, isiyochanganywa na kitu.

"Mimi jana saa saba nilikuwa kwa daktari wa meno. Na hiyo kompyuta yako siwezi kuiguza hata na fimbo."

Nikasimama pale kama mlingoti.

Kwenye ngazi nilimkuta Jamleck, mikono mfukoni, uso umekunjamana.

"Ni wewe uliyeandika?" nikamuuliza.

"Nilitaka uchome picha, uaibike," akasema bila hata kupunguza sauti. "Nilitaka Mgeni aongee ng'ombe mbele ya wakubwa, na jina lako liwe hapo juu. Nikasema tukienda, tunaenda na wewe. Miaka sita nasikia huyu mathe akipigia huyo mzee. Nimekariri kama sala. Nikamwaga yote, kila ujinga, nikijua roboti itashikwa na kizunguzungu."

"Lakini ilielewa."

"Najua ilielewa! Si nilikuwa hapo?" Akapiga ukuta kofi. "Niliandika kama naandikia mtu mjinga kabisa, hajawahi kuona Nairobi. Kumbe ndio inataka hivyo. Halafu wewe unasimama unasema 'mimi'. Kwani uko sawa kichwani?"

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Nilicheka huku nalia, na yeye akazidi kukasirika.

Jumatatu niliwaandikia Madam Debra na Bwana Norman ukweli wote: si mimi niliyeandika, ni Jamleck. Nikaweka jina lake kwenye ukurasa.

Alikuja mezani kwangu. "Toa jina langu hapo."

"Ni kazi yako."

"Ilikuwa chuki yangu! Hata hiyo umeniharibia."

Kiti chake kilihamishiwa kando ya changu kwa amri kutoka juu. Sasa tunaandika pamoja. Mimi nauliza Madam Waithera anafanya nini, si button inafanya nini, na siku akiamka vizuri ananijibu. Nikimaliza ukurasa nampa Jamleck ausome. Anausoma kama adui, akitafuta mahali pa kuniumbua, na kila akipaona najua hapo ndipo Mgeni angemwacha Sista Hannah na mikono mikavu.

Somo langu ni hili, kwa yeyote anayeandikia mashine au binadamu. Usieleze kitu kama unavyotamani kifanye kazi. Eleza kama kinavyofanya kazi kweli, pamoja na geti, salamu na ng'ombe mweusi. Aliye upande wa pili hajawahi kufika kwenu, na ataamini kila neno. Halafu mpe asome yule anayekuchukia zaidi ofisini, kwa sababu anayekupenda ataruka makosa yako.

Jamleck bado hanisalimii. Mandazi bado yanaenda kwa askari.

Asubuhi ya leo amenirudishia ukurasa wa "tuma lori". Ameandika pembeni kwa herufi kubwa: HAPA UMEDANGANYA TENA.

Nimeangalia. Ni kweli.

Nafuta, naanza upya.